Bolinyo Zangu na Yule Anakle

Kwako Veroni, mutoto wa nyumba yangu unayenikimbia,

Mvua imetufungia ndani tangu saa nane mchana, na mama yako ananiona naandika, anacheka. "Ona," anasema, "leo Sipri amekuwa padri." Mwache acheke. Yeye hakumaliza hata darasa la kwanza. Mimi nilifika la nne, na ningefika mbali kama mwalimu wetu hangekuwa na kichwa kama boga. Nilikichora ubaoni, kikafanana sana, na masomo yangu yakaishia hapo. Kiswahili cha vitabu nilikipata kwa fimbo, kile cha Siti, mitaani kwetu hapa Élisabethville, nilikipata bure. Humu utavikuta vyote viwili vimelala kitanda kimoja. Ukitaka kunisahihisha, baki nyumbani unisahihishe.

Kesho asubuhi kamio ya Mitwaba inakubeba wewe, sanduku lako na ile miguu yako mikubwa uliyoirithi kwa upande wa mama yako. Sitakuambia namna ya kumsalimia mama mkwe, wala namna ya kukunja mashuka, wala saa ya kuamka. Mama yako amekufundisha hayo wiki nzima, na mimi nimeyasikia kupitia ukuta mpaka sasa naweza kuolewa. Nina jambo moja tu.

Siku tatu zilizopita uliniuliza juu ya bolinyo ninazokaanga: "Tata, munkoyo naijua. Kintu gani ingine unaweka?" Nikakujibu: "Kwa nyumba ya Anakle? Ata kufa!" Ukaondoka bila kula. Nilikuona. Nilijifanya nasoma gazeti, na gazeti lilikuwa limegeuka juu chini. Basi leo nakueleza kwa nini baba mkwe wako ni mtu ambaye nimemchukia kuliko nilivyompenda mtu yeyote, ukiondoa wewe na mama yako. Ukimaliza kusoma utajua pia nimeamua nini.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, mzuri wa sura kuliko huyo bwana wako Norbert, kubali tu. Nilikuwa mpishi wa Mreno mmoja mwenye duka la vitambaa. Mke wake hakuwa wa Ureno. Alizaliwa Brezili, ng'ambo ya maji makubwa, na aliniambia kwamba huko nako kuna watu weusi kama sisi, wanawake wanaokaanga vitu barabarani huku wakiwatania wapita njia. Jina lake Dona Zulmira. Unajua hapa kila Mzungu ana jina lake la jikoni asilolijua mwenyewe. Huyu tulimwita Mama Mvula, maana matone yakianza kupiga bati, hata kama nguo zimeanikwa nje, yeye alisahau nguo, akaita: "Sipri! Mafuta!"

Kwao mvua ikinyesha watu wanakaanga bolinyo. Unapiga mayai mawili na sukari, unatia maziwa, farini ya mkate, ganda la ndimu lililokunwa na hamira ya kopo. Unachota kwa kijiko kimoja, unasukuma kwa kijiko cha pili ndani ya mafuta. Kama mafuta hayana hasira, bolinyo inajigeuza yenyewe. Nilipoiona mara ya kwanza sikuamini. Imelala kifudifudi, inatulia kidogo, mara inapinduka bila kuguswa, kama mtoto mchanga usingizini. Ikitoka, unaiviringisha katika sukari na mdalasini ikiwa bado inaunguza vidole. Mama Mvula alinifundisha msimu mmoja wa mvua. Msimu wa pili mimi ndiye niliyekuwa namwambia, "Madamu, toa mukono."

Halafu vita ya Ulaya ikawaka, na makopo ya hamira yakaacha kuja. Bolinyo zilitoka bapa kama kandambili. Mama Mvula alizitazama, akaanza kulia. Mwanamke mzima, mwenye lulu shingoni, analia juu ya sahani! Nikaenda nyumbani kwa bibi yako nikiwa na hasira, nikakuta mtungi wa munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, wa siku ya pili, unatoa povu. Nikalitazama lile povu. Kesho yake nikabeba chupa chini ya koti.

Ziliumuka, Veroni! Lakini zilikuwa na uchachu, kama zimeudhika. Nilihangaika siku nne mpaka nikapata kitu cha pili cha kuondoa uchachu ule. Usiruke kukitafuta chini ya ukurasa, nakujua. Siku ya tano Mama Mvula alikula saba amesimama, na wageni wake wakauliza hamira imetoka bandari gani.

Anakle alikuwa boyi wa meza, mwenye glavu nyeupe. Alinizidi miaka kama kumi hivi, na alikuwa na mke na mtoto mdogo, yule Norbert wako. Alikuwa anatembea kama anabeba sakramenti, hata akibeba viazi. Alinifuata jikoni.

"Sipri, hamira ulitoa wapi?"

"Kwa kichwa yangu."

"Acha buongo. Ata Bazungu bakubwa banakosa hamira."

"Basi miye niko mukubwa kupita bale."

"Weye uko mutu wa akili sana," akasema, na akavua glavu anipe mkono. Anakle! Kunipa mkono!

Kosa langu lilianza pale. Mtu akinisifu, mimi mdomo unafunguka kama mlango wa kanisa siku ya Pasaka. Nilimmiminia glasi ya munkoyo, nikamwambia: "Kunywa hamira yangu." Akanywa, akaelewa, akatabasamu. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie na kile kitu cha pili, ndipo Mama Mvula akaniita nje. Usidhani nilinyamaza kwa busara. Niliitwa tu.

Jumapili ile ile niliitwa tena, safari hii sebuleni, mbele ya wageni. Mama Mvula alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Sipri, weye natia pombe ya bashenzi kwa chakula yangu?" Anakle alikuwa nyuma yake na sinia, anatazama dari kama kuna malaika ameandika kitu kule. Nilisema munkoyo si pombe, watoto wanakunywa, hata mapadri wanakunywa. Nani alinisikia? Akaomba buku yangu ya kazi, ile ambayo kila mpishi alipaswa kuionyesha kwa Mzungu mpya, akaandika neno moja la Kifaransa. Mchafu. Mimi, niliyekuwa nanawa mpaka viwiko kabla ya kugusa yai.

Nyumba saba nilibisha hodi. Madamu anafungua mlango, anafungua buku, anafunga buku, anafunga mlango. Nikaenda kubeba matofali.

Mwezi haujapita, siku ya mvua, nilipita nyuma ya nyumba ile nimebeba koleo. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Ilitoka harufu ya mdalasini, na chini ya mdalasini, munkoyo. Nikasimama kwenye maji. Anakle alikuwa amevaa aproni yangu. Nilisikia baadaye kwamba alimwambia Madamu amepata hamira mpya kwa Mgiriki mmoja. Madamu akala, akasifu, na katika buku ya Anakle akaandika mstari mzima: mwaminifu, msafi, mpishi bora. Mtu yule aliniua kwa munkoyo, halafu akala kwa munkoyo.

Lakini zilikuwa chachu. Nilijua kwa harufu tu, na yeye alijua kwa ulimi. Miaka kumi na saba sasa anajua kwamba kuna kitu kimoja hakukisikia.

Yaliyofuata unayajua nusu. Nilimwoa mama yako, tukaweka mbabula ya makala, jiko la makaa, nje ya mlango, na jioni baada ya matofali nilikaanga. Watu walitoka mitaa ya mbali. Wanawake wa Siti walikuja na bakuli, nami nikawaambia wote, kwa sauti, zimebuniwa na nani. Mama yako alichoka: "Sipri, bantu banataka kula, hapana kusikia hadisi." Siku moja katika foleni nikamwona Feresita, dada yake Anakle. Hakuwa na bakuli. Alikuwa na macho tu.

Sasa soma polepole hapa, maana hapa ndipo naona aibu, na aibu sijaizoea.

Nilimwambia mama yako kwa sauti ya kanisani: "Usisahau maji ya muchele ya kulala siku tatu! Kikombe muzima! Bila ile, hapana kuvimba!" Mama yako akanitazama kama nimepigwa na jua. Nikamkonyeza. Feresita akaondoka haraka, hata kuaga hakuaga. Hakuna maji ya mchele, Veroni. Hayajawahi kuwepo. Niliyatunga pale pale.

Wiki mbili baadaye Norbert alipata komunio ya kwanza, na Anakle akatangaza kwamba atakaanga bolinyo, na kwamba mwishowe watu wataonja zile za kweli. Wewe ulikuwa na miaka saba. Karai letu lilikuwa motoni. Nikakuambia, "Kaa hapa, nakuya," nikavuka njia mbili, nikasimama kwenye wigo wake wa matete.

Sijawahi kuona kitu kizuri vile. Zilizama! Kila moja ilikwenda chini ya mafuta ikakaa huko, haitaki kurudi. Alizitoa kwa uma, akazipaka sukari nyingi kuficha. Katekista mmoja aliuma, akaacha kuuma, akatafuta pa kutemea bila kutenda dhambi. Watoto wakaanza kuzipiga mateke uani. Mmoja akapiga kelele: "Komunio ya majiwe!" Wakashika wote: "Majiwe! Majiwe!" Nilicheka mpaka nikashika wigo nisianguke. Anakle aliinua kichwa, akaniona. Ndicho nilichokuwa nataka: anione.

Kisha nikasikia mama yako akipiga yowe.

Maisha yako yote umeambiwa kwamba wewe ulilivuta karai kwa ulafi. Mimi ndiye niliyesema hivyo. Mama yako nilimwambia nilikwenda kununua makala. Wewe hukuvuta kitu. Mafuta yalipata moto kupita kiasi kwa sababu mwenyewe nilikuwa kwenye wigo wa mtu, na ulipoona zinakuwa nyeusi ulijaribu kulitoa karai motoni kwa kitambaa, kama ulivyoniona nikifanya, usije ukagombezwa. Uliniambia mwenyewe hospitalini, kwa kisauti kidogo, mkono umefungwa mpaka begani. Nami nilikujibu: "Ni homa inakusemesha, mama. Ulivuta." Ukaamini. Mpaka leo wageni wakiuliza kovu lile, unacheka, unasema, "Nilikuwa mulafi." Kila mara unaposema hivyo, mimi natoka nje kutazama hali ya hewa.

Kwa muda mrefu nilisema hata mkono huo ni wa Anakle. Kama hangeniharibia buku, nisingemchukia. Nisingemchukia, nisingekwenda wigoni. Jambo hilo nililizungusha hivyo kichwani nikiwa nabeba matofali, na lilikuwa tamu. Lakini halisimami. Neno lile la buku ni lake. Mkono wako ni wangu. Mama yako nitamwambia leo kabla ya chakula, wewe ukiwepo, na atanipiga kwa kitu kilicho karibu, kwa hiyo ondoa ule mwiko mkubwa. Wewe sikuombi unisamehe kwa karatasi. Kesho kwenye kamio ukitaka kunipiga kofi, nitainama, maana wewe ni mfupi.

Usidhani baada ya hapo nimempenda Anakle. Sijampenda hata kidogo. Nilichojifunza ni kidogo sana: ukitaka kumlipiza mtu, zima kwanza makala.

Norbert alipokuja kuniuliza juu yako, nilimwambia mama yako jikoni: "Muzee anatuma mutoto aoe mapishi." Norbert alisikia. Ana masikio mazuri, hilo nakubali. Akacheka.

"Tata Sipri, miye bolinyo sijaonja tangu komunio yangu."

"Juu ya nini?"

"Siku ile nililia mpaka kola ya shati ikalowana. Batoto baliniita Majiwe mpaka darasa ya sita."

"Na unajua nani aliharibu?"

"Najua. Tata naye anajua. Alisema: miye nilistahili, lakini mutoto alistahili nini?"

Nikamwambia anywe chai yake isipoe. Tangu siku ile nimemheshimu kijana huyo, ingawa sura, nimeshasema.

Lakini sikiliza. Anakle alisema "nilistahili" ndani ya nyumba yake, mlango umefungwa, kwa mtoto anayelia. Uongo wake aliusema sebuleni mbele ya wageni. Na huko Mitwaba, ambako amerudi kukaa na viatu vyake vya kustaafu, Feresita anasema anawaambia watu kila Jumapili kwamba yeye ndiye aliyefundisha Élisabethville nzima kukaanga. Nzima! Niliposikia hivyo ndipo nilipokujibu "ata kufa". Nilikuwa nimeamua kile kitu nife nacho, nacho kizikwe, na yule mzee abaki na uchachu wake mpaka kaburini.

Siku tatu nimekaa na uamuzi huo. Ulikuwa mzuri, isipokuwa kwamba wewe ulikuwa huli. Na jana nilikuona unakaanga peke yako, umesimama mbali na karai, mkono umenyooshwa kama unamlisha mbwa mkali, unajaribu ndimu, unajaribu chumvi, unaonja, unakunja uso. Mtoto niliyemwunguza anatafuta kitu ambacho mimi nimekificha kwa sababu ya mtu mwingine. Nikajiambia, Sipri, hapa unamlipiza nani?

Basi chukua. Ni maji ya majivu. Yale yale ambayo bibi yako alipikia majani magumu. Unakausha maganda ya maharagwe, unayachoma peke yake bila kuni nyingine, majivu unayaweka katika kopo lenye matundu, unamimina maji juu, yanadondoka ya rangi ya chai hafifu. Munkoyo iwe ya siku ya pili, ichujwe, iingie katika farini asubuhi. Maji ya majivu yaingie mwisho kabisa, mafuta yakiwa tayari, kijiko kimoja cha chai kwa bakuli moja. Usikoroge sana. Utasikia unga unapumua chini ya mwiko. Ukizidisha utaonja sabuni. Ukisubiri, pumzi inakwisha. Ndiyo hiyo tu. Miaka kumi na saba ya kelele, na ni majivu ya maganda.

Na usogee karibu na karai. Halikuwahi kuwa kosa lako.

Sasa upande wangu. Sikupi bure, mimi si mtakatifu. Usikaange siku mkiwa peke yenu. Ngoja wageni wajae, katekista, majirani, Feresita na macho yake. Piga magoti kama mama yako alivyokufundisha, mpe Anakle ya kwanza kabla ya watu wote. Ataonja. Atatafuta ule uchachu wake, hataupata. Mtazame wakati huo, Veroni, mtazame vizuri, kwa niaba yangu, usipepese. Kisha atanyoosha mkono kuchukua nyingine.

Ondoa sahani. Kwa adabu, macho chini, sauti ndogo, lakini iondoe. Mwambie: "Tata mukwe, ambia kwanza bantu nani alivumbua."

Akilitaja jina langu, kwa sauti ambayo hata walio mlangoni wanasikia, mpe mpaka ashibe, na mwambie Norbert naye aonje, imetosha. Akikohoa, akitazama dari, gawa zote kwa watoto mbele ya macho yake, na uinuke ukaoshe vyombo. Ukiona huwezi kumfanyia hivyo mzee wa nyumba yako mpya, sitakulaumu, wewe ndiwe utakayeishi naye. Ila katika hali hiyo wapikie wali.

Bolinyo ya kwanza ni heshima yako kwa baba mkwe. Ya pili ni yangu, na asiile bila kulitaja jina langu.

Tata yako,
Sipri